Kibanda cha kupikia, mara ya pili

Mwaka jana kibanda chetu cha nyuma ya nyumba, hapa Likasi, kilianguka kwa upepo wa mvua ya kwanza. Mbabula ilikuwa inawaka. Watoto walikuwa wametoka pale punde tu. Nguzo hazikuvunjika. Zililala zote upande mmoja.

Mwezi wa nane tulianza upya, wenyewe. Tulipima mita 3 kwa 4; kamba ya kona kwa kona ilipofika 5, huku na huku, tukajua kona ziko sawa. Udongo wa kiangazi ni mgumu: jioni tulimwaga maji, asubuhi tukachimba sentimita 60. Nguzo ni za mubanga, mchwa hawauwezi upesi. Vichwa vyake tulivichonga ili boriti ikae ndani, isishikwe na misumari peke yake. Halafu mikono: kila kona mti mfupi wa mshazari, kutoka nguzo hadi boriti. Ndiyo iliyokosekana mara ya kwanza. Fundi jirani alituambia, tukamcheka.

Malata tuliyapigilia mwisho. Mvua ya Novemba imekuja na upepo wake, na bukari imeiva palepale.