Mpiga besi ni farumi ya bendi

Waulize watu kumi waliokaa barazani hapa Kikambala ni bendi gani iliyopiga "Sina Makosa". Watakujibu Les Wanyika kabla hujamaliza swali, na mmoja wao atauanza wimbo wenyewe. Kisha waulize ni nani aliyepiga gita la besi katika wimbo huo. Hapo baraza litanyamaza, mtu atakohoa, na mazungumzo yatageukia bei ya samaki.

Mpigaji huyo ni Tom Malanga. Alikuwamo Les Wanyika ilipozaliwa jijini Nairobi mwaka 1978, wakati wanamuziki kadhaa walipojitenga na Simba Wanyika ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga. Hata leo wimbo huo ukipigwa harusini ni shida mtu kubaki kitini, na kinachowanyanyua watu ni lile gita zito linalotembea chini kwa chini, likisema neno, likinyamaza, likisema tena. Mwimbaji tunamsifu, mpiga solo tunamsifu. Malanga hatumtaji. Nami nasema kwamba jambo hili si dogo, maana limewakosesha riziki watu wengi wa kazi hiyo.

Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana. Jahazi likipita mbali, macho yote huliona tanga. Farumi haionekani, nayo ni yale mawe na mchanga uliopakiwa chini ili chombo kisipinduke. Lakini nahodha mwenye akili hatweki tanga chombo kikiwa kitupu. Mpiga besi ndiye farumi ya bendi. Gita lake lina nyuzi nne tu, nene, na sauti yake iko chini ya gita la kawaida kwa oktava nzima. Ana kazi mbili kwa wakati mmoja: kushika mwendo pamoja na mpiga drams, na kumwonyesha mwimbaji pa kukanyaga. Katika rumba huacha nafasi, na zile nafasi ndizo zinazomfanya mchezaji azungushe kiuno. Katika benga hukimbia na kujibizana na solo. Katika rege ndiye anayeubeba wimbo wote mgongoni. Katika taarabu hukaa na dumbak, akimtandikia mwimbaji zulia la kupita.

KABLA YA UMEME

Asidhani mtu kwamba kazi hii ililetwa na umeme. Katika chakacha yetu chapuo hulia juu na vumi hunguruma chini, na mama zetu walijua tangu zamani kwamba vumi likikosea, viuno vyote hukosea. Ni kweli kwamba taarabu ya mwanzo haikuwa na besi. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani zake, alifuatana na kundi dogo la udi, fidla na ala za kupiga. Ni katika miaka ya 1950 ambapo vikundi vya Unguja, vikifuata mtindo wa Misri, vilipoingiza lile besi kubwa la mbao linalopigwa kwa kusimama. Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958, zimelitumia besi hilo miaka nenda miaka rudi. Mpenzi wa Culture atakutajia waimbaji kwa vidole vya mikono miwili. Ni wangapi watakaomtaja Mahmoud Juma, ambaye besi lake limo katika rekodi zilizoipeleka Culture hadi Ulaya?

Kule Marekani, Leo Fender alitoa gita lake la besi la umeme mwaka 1951, nalo halikukawia kuvuka bahari. Tanga ndiyo iliyolikumbatia katika taarabu, kwa Black Star na Lucky Star, waliochanganya magita ya umeme na nyimbo za mwambao. Mtindo huo ukapanda hadi Mombasa, na baadaye tukawasikia akina Zuhura Swaleh na Maulidi Juma wakiimba juu ya taishokoto, kinanda na gita la besi. Upande wa dansi, OK Jazz ya Franco ilipoanza mwaka 1956 besi la kusimama lilikuwa mikononi mwa Augustin Moniania, maarufu kwa jina la Roitelet. Na Dar es Salaam, Mlimani Park ilipovuma tangu mwaka 1978, chini ya zile tarumbeta tamu alikuwapo Suleiman Mwanyiro. Hawa ni watu wa mitindo mbalimbali, lakini kazi yao ni moja, na sahau waliyopata ni moja.

REDIO NDOGO

Kwa nini tumewasahau? Sababu ya kwanza ni redio. Spika ndogo haina nguvu ya kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti za chini. Redio za mkononi za miaka ya 1970 zilitupa mwimbaji, solo na tarumbeta, lakini besi likabaki kama mngurumo wa mbali. Anayetaka kulisikia alipaswa kwenda ukumbini. Simu za leo zina spika ndogo kuliko redio zile, kwa hiyo vijana wetu wanasikia nusu ya wimbo na kudhani wameusikia wote.

Sababu ya pili ni karatasi. Sahani za santuri za zamani ziliandikwa jina la bendi na la mtunzi, basi. Kanda zilipokuja, kasha likawa na picha ya mwimbaji. Sababu ya tatu ni desturi yetu ya kutuza. Ni nani aliyepata kumwona bibi akinyanyuka harusini na noti mkononi, akampita mwimbaji, akaenda kumtuza mpiga besi aliyekaa nyuma?

Namjua mzee mmoja hapa Kikambala aliyepiga besi zaidi ya miaka thelathini. Amenikataza nisimtaje jina, na hilo nalo linaonyesha jinsi alivyozoea kukaa nyuma. Katikati ya juma alipiga katika hoteli za ufukweni, kwa wageni waliotaka rumba, rege na ile "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms, ambayo Boney M waliirekodi kwa mtindo wao mwaka 1983. Jumamosi alipiga taarabu harusini. Mwezi wa Shaabani ulipokwisha alilifungia gita lake ndani mpaka Idi, na mwezi mzima wa Ramadhani alivua samaki. Aliniambia kwamba kuna kanda moja aliyoipigia besi usiku mmoja, akalipwa ujira wa usiku huo. Kanda ikauzwa miaka. Alipokwenda kumwuliza mwenye biashara juu ya haki yake, aliulizwa: "Wewe umeandikwa wapi?" Akarudi nyumbani.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike makala haya.

WENZETU WA NG'AMBO

Wala tusidhani kwamba ni sisi peke yetu. James Jamerson alipiga besi katika nyimbo nyingi sana za kampuni ya Motown huko Detroit tangu mwaka 1959, nyimbo zilizochezwa mpaka kwenye kumbi za Mombasa. Ilipita miaka zaidi ya kumi kabla jina lake kuandikwa kwenye jalada, katika sahani ya Marvin Gaye ya mwaka 1971. Mwaka 1983 Motown ilipofanya sherehe ya miaka 25, Jamerson alikuwamo ukumbini kama mtazamaji tu. Mwaka huo huo akafariki. Aston Barrett, aliyepiga besi la Bob Marley and the Wailers, alikwenda mahakamani London mwaka 2006 kudai mamilioni ya pauni. Alishindwa, kwa sababu alikuwa amekwisha kutia sahihi mapatano mwaka 1994. Alifariki mwaka 2024, na dunia nzima inaendelea kucheza kwa vidole vyake.

Yuko na Muislamu mwenzetu, Ahmed Abdul-Malik wa Brooklyn, aliyezaliwa mwaka 1927. Alipiga besi la kusimama katika kundi la Thelonious Monk, na mwaka 1958 akatoa sahani iitwayo "Jazz Sahara" iliyochanganya jazi na udi. Wazee wake walitoka kisiwa cha St. Vincent, lakini masikio yake aliyageuza Mashariki. Mtu wa taarabu akimsikiliza atamwelewa bila mkalimani. Wangapi kati yetu tumelisikia jina lake?

Kikambala ina kumbukumbu yake nzito. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli ya Paradise ilipolipuliwa, walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3, mbali na washambuliaji wenyewe. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwalaki wageni mlangoni. Hoteli dunia nzima inaijua kwa jina. Wale wachezaji wanatajwa kwa hesabu tu. Siufananishi msiba huo na ujira wa kanda. Nasema tu kwamba mazoea ya kutowajua kwa majina wanaotuburudisha ni mazoea ya zamani, na yana ubaya wake.

HOJA NA MAJIBU

Najua nitakayoambiwa. Kuna watakaosema kwamba besi hupewa aliyeshindwa na solo. Ni kweli wako waliolipokea kwa kukosa mtu mwingine. Hata Paul McCartney wa Beatles alilishika mwaka 1961 kwa kuwa wenziwe hawakulitaka. Lakini mtu akiingia kazini kwa bahati, hiyo haipunguzi thamani ya kazi yake. Anayeliona besi jepesi na alitoe katika "Sina Makosa", kisha aone kitakachobaki.

Kuna watakaosema kwamba leo kinanda kinatosha, mkono wa kushoto unapiga besi. Tangu miaka ya 1990 taarabu ya kisasa imefuata njia hiyo, kwa sababu mtu mmoja ni rahisi kulipwa kuliko wawili. Siwalaumu wanaotafuta nafuu. Lakini kinanda kilichotegeshwa hakimsikilizi mwimbaji. Mwimbaji akivuta pumzi zaidi, mpiga besi humngoja, mashine haimngoji.

Na kuna ndugu zetu wasiotaka kusikia habari za gita kabisa, kwa sababu za dini. Hao nawaheshimu, na masheikhe wana elimu ya jambo hilo kuliko mimi. Lakini suala la ujira tunakubaliana sote. Tumefundishwa na Mtume (S.A.W.) kwamba mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Jasho la mzee wangu lilikauka miaka mingi iliyopita.

Sheria haikumsahau. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa haki mpigaji ala katika rekodi aliyoipiga, si mtunzi na mwimbaji peke yao. Lakini haki hizo hudaiwa kwa majina. Asiyeandikwa hana pa kuanzia. Kwa hiyo kumtaja mpiga besi si sifa wala heshima tupu. Ni ushahidi wa madai yake.

Nayasema basi matatu. La kwanza, viongozi wa bendi na vikundi vya taarabu waandike majina ya wapigaji wote katika kila wimbo wanaoutoa, na mapatano ya fedha yafanywe kabla ya kuingia studio, kwa maandishi, mbele ya shahidi. La pili, watangazaji wa redio zetu za Pwani, wanaopenda kutuambia wimbo ni wa nani, watuambie pia ni nani aliyepiga. Ni sekunde tatu tu. La tatu ni la jamaa na watoto: wazee hawa wangali hai huku Kikambala, Mtwapa, Kilifi na Malindi. Kaeni nao na daftari la shule, muandike walipiga na nani, mwaka gani, wimbo gani, na picha zao za zamani mziandike majina nyuma. Kazi hiyo haihitaji ruhusa ya mtu wala fedha za serikali.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Idi ikipita harusi zitarudi kwa wingi, na kina mama watanyanyuka na noti zao kama kawaida. Mmoja wao, angalau mmoja, na ampite mwimbaji, aende mpaka nyuma pale penye spika kubwa, ampe mwenye gita zito noti yake, na amwulize jina.