Benzi la Gavana

Nimechoka na gavana. Kila panapoonekana mabaki ya gari la kale, iwe Tanga, iwe Moshi, hapakosi mtu wa kutuapia kwamba gavana wa Kijerumani alilipanda. Ingekuwa kweli, bwana yule angekuwa na magari mengi kuliko askari. Mambo haya huchekesha mpaka fedha zinapoingia, na safari hii zimeingia.

Chasisi ninayoizungumzia iko Muheza, katika ua wa marehemu aliyekuwa dereva wa shamba la mkonge. Haina bodi, haina injini wala giaboksi. Miaka mingi ilikokotwa kama tela, kisha ikaachiwa kuku. Warithi ni watoto watatu, na mbele yao wamesimama wanunuzi wawili. Wa kwanza hununua chuma chakavu kwa kilo, na kwake yeye hiyo ni "Ford tu". Wa pili ametoka mjini, fedha anazo, na amekwisha kuagiza nyota ya ncha tatu ya kuibandika mbele, maana kwake yeye hiyo ni Mercedes-Benz ya gavana. Mimi nasema wote wawili ni wavivu, na kwamba uvivu wa huyu wa pili una hatari zaidi kwa kuwa umevaa suti.

Basi tuanze na suti. Mercedes lilikuwa gari la kampuni ya Daimler. Benz ilikuwa kampuni nyingine kabisa, tena mshindani wake. Kampuni hizo ziliungana mwaka 1926. Gavana wa mwisho wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alikuwa amekwisha kuipoteza nchi hii tangu vita ilipokwisha mwaka 1918. Kwa hiyo Mercedes-Benz ya gavana huyo ni kitu ambacho hakikuwahi kuwako, hapa wala Berlin. Anayetaka kudai Benz peke yake, au Mercedes peke yake, na adai, lakini kwanza ainame atazame meno ya bolti.

Viwanda vya Ujerumani vya wakati ule vilitumia ama bolti za milimita, ama zile za inchi za kipimo cha Whitworth cha Waingereza, ambacho pembe ya meno yake ni digrii 55. Bolti zilizoshika mabano ya chasisi hii, zile zilizoganda kwa kutu ambazo dhahiri hakuna aliyezigusa, ni za inchi na pembe yake ni digrii 60. Hiyo ni desturi ya Marekani. Wala sisemi kwamba bolti moja yatosha kumaliza kesi. Injini za Morris za mwanzoni mwa miaka ya 1920, gari la Kiingereza hasa, zilikuwa na bolti zenye meno ya milimita na vichwa vya spana za Kiingereza, kwa sababu zilitengenezwa Coventry katika kiwanda cha Hotchkiss, kampuni ya Kifaransa iliyokuja na mitambo yake. Fundi aliyepima kichwa tu angeapa Uingereza, na aliyepima meno tu angeapa Ufaransa. Hapana budi kupima vyote, na kupima bolti nyingi.

Sasa yule wa kilo. Kauli yake ina sababu, nakubali. Ford Model T ilitengenezwa tangu 1908 hadi 1927, zikatoka zaidi ya milioni 15, hivyo anayebahatisha Ford anabahatisha penye wengi. Lakini Henry Ford aliliegemeza gari lake juu ya springi mbili tu, moja mbele na moja nyuma, zote zimelala kukingama, na magari madogo ya Ford ya Marekani yaliendelea hivyo hadi 1948. Hii ya Muheza ina springi nne, kila gurudumu na yake, zikifuata urefu wa fremu. Labda zilibadilishwa? Mabano yake yameshikwa kwa ribiti za kiwandani, hakuna alama ya kuchomelea. Tena toka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya ekseli ya nyuma ni inchi 103, na Model T ni inchi 100. Kulijua hilo hakuhitaji chuo. Kunahitaji futi ya kupimia, na mtu asiyeogopa kuchafua magoti.

Mpwa wangu alifurahi mno aliposoma neno Timken kwenye beringi, akadhani tumefika. Timken iliuzia beringi makampuni chungu nzima. Hata fremu yenyewe yaweza kuwa ya kununua: A. O. Smith wa Milwaukee walifungua mwaka 1921 kiwanda kilichoweza kutoa fremu kama 10,000 kwa siku, zikaenda kwa watengenezaji mbalimbali. Kwa inchi zake 103 mshukiwa wa kwanza ni Chevrolet ya katikati ya miaka ya 1920, iliyokuwa na kipimo hicho hicho. Lakini kushukiwa si kuhukumiwa. Bado tundu za kushikia injini na usukani hazijalinganishwa na za fremu inayojulikana, na bodi, ambayo huenda ndiyo iliyokuwa na kibati cha namba, ilikwisha kuwa kuni zamani.

Najua nitaambiwa jina halina madhara. Mwaka 1990, Mahakama Kuu mjini London ilisikiliza kesi ya Bentley iitwayo Old Number One, mshindi wa Le Mans mwaka 1929 na 1930, kwa kuwa mnunuzi alikataa kulipa mamilioni akidai si gari lile. Muuzaji alishinda. Gari hilo lilikuwa na picha, kumbukumbu na mashahidi. Je, watoto hawa watatu watakuwa na nini, siku bwana wa mjini atakapomuuzia mwingine, na huyo mwingine akaleta mtu anayejua? Wataambiwa wao ndio waliotia saini kwamba ni Benzi.

Mkubwa wao aliniuliza, "Mjomba, sasa kwenye hati ya mauzo tuandike nini?"

Nikamwambia: Andikeni chasisi ya Kimarekani, inchi 103, springi nne, mtengenezaji hajathibitishwa. Msikubali ipigwe msasa wala rangi kabla haijapigwa picha kila upande. Bei iwe juu ya ile ya kilo, maana si chakavu. Na bwana wa mjini akisusa, asuse na nyota yake.