Ukija Dar kwa matibabu, usimkimbie mama lishe

Ukishuka kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi ukiwa na mgonjwa, kichwani una hesabu nyingi: kadi ya kliniki, vipimo, dawa, mahali pa kulala, nauli ya kurudi. Hesabu ya chakula wengi hawaipigi mpaka njaa iume.

Nilikutana na mama mmoja nje ya kliniki. Alitoka Tabora na mwanawe wa miaka sita, na hiyo ilikuwa siku yao ya tano jijini. Siku mbili za mwanzo walikula kwenye mgahawa wenye viyoyozi, na fedha ikakimbia. Siku tatu zilizofuata wakaishi kwa biskuti na soda. Mtoto alikuwa amenyong’onyea, na mama mwenyewe alishikwa na kizunguzungu akiwa kwenye foleni. Nilimuuliza kwa nini hawali kwa mama lishe, ambaye sufuria zake tulikuwa tunaziona kutoka pale tulipokaa. Akasema, “Nyumbani walinionya nisithubutu. Walisema huko ndiko kwenye kipindupindu.”

Sikumlaumu. Kipindupindu kilipoanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kusambaa mikoani, wauza chakula wa barabarani walikuwa watu wa kwanza kunyooshewa kidole. Lakini tunapowatisha wagonjwa kiasi hicho bila kuwafundisha kuchagua, tunawaumiza. Mgonjwa anayeshinda na biskuti hapati nguvu ya kupona. Anayemaliza fedha yote hotelini hurudi kijijini kabla ya tarehe yake ya kliniki.

Kwa maoni yangu, sahani ya wali, maharage na mchicha ya Sh2,000 au Sh3,000, iliyotoka motoni sasa hivi, ni mlo mzuri kwa wagonjwa walio wengi kuliko chipsi zilizolala kwenye kabati la vioo tangu asubuhi. Swali la kujiuliza si kama ni kibanda au ni hoteli. Jiulize chakula kina moto kiasi gani, na maji yake yametoka wapi.

Moto kwanza

Vijidudu vinavyoharibu tumbo huzaliana haraka chakula kikiwa na joto la kati ya nyuzi 5 na 60. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila ubaridi wa jokofu au moto wa kukiweka zaidi ya nyuzi 60. Jua la Dar es Salaam halisubiri. Na wewe uliyetoka bara kumbuka jambo moja la pwani: hapa wali, maharage na hata mboga za majani hupikwa kwa nazi, na chakula cha nazi huchacha haraka kikipoa.

Kwa hiyo chagua saa. Mama lishe wengi huipua sufuria kuelekea saa sita mchana. Kula kati ya saa sita na saa saba na nusu, wakati mvuke bado unaonekana. Ukifika saa kumi ukakuta wali umefunikwa na mkaa umezimika, nenda kwingine. Jioni tafuta kinachopikwa mbele yako: ndizi za kuchoma, mishkaki iliyoiva hadi ndani, samaki anayetoka kwenye mafuta sasa hivi.

Usidhani kupasha moto kunaponya kila kitu. Wali uliokaa muda mrefu ukiwa vuguvugu unaweza kuwa na sumu ya vijidudu ambayo haiondoki hata ukipashwa. Samaki nao wana yao. Taasisi ya Saratani Ocean Road haiko mbali na soko la samaki la Feri, na wagonjwa wengi hutembea mpaka pale. Samaki wa Feri ni chakula bora, lakini jodari au kibua aliyekaa juani hutengeneza kemikali isiyoondolewa na kukaanga. Ukimla, uso huwa mwekundu, kichwa hugonga na moyo hudunda. Chagua mwenye macho maangavu, wekundu ndani ya mashavu na nyama inayorudi ukiibonyeza. Kisha simama hapo hapo akaangwe.

Kisha maji

Kabla ya kukaa, tazama mambo matatu. Je, kuna ndoo ya koki na sabuni kwa ajili ya kunawa, au ni beseni moja la maji ya tangu asubuhi? Je, vyombo vinasuuzwa kwa maji mengine baada ya yale ya sabuni? Je, anayepokea fedha ndiye huyo huyo anayeshika chapati kwa mkono?

Kama chakula ni cha moto ila vyombo vinakutia shaka, tembea na sahani na kijiko chako. Hakuna mama lishe mwenye busara atakayekasirika. Mwambie kwa heshima: “Mama, pole na moto. Nina mgonjwa, naomba unipashie mboga ichemke kabisa, unipakulie kwenye sahani hii.” Wanaouza chakula jirani na hospitali wamezoea maombi kama hayo.

Tazama pia wanaokula. Ukiona makondakta, bodaboda na wauguzi wamejazana sehemu moja kila siku, ujue sufuria zinaisha na chakula hakilali. Isitoshe, mpishi mwenye wateja wa kila siku akiwaumiza matumbo leo, kesho hana biashara.

Vya kuviacha ni kachumbari iliyokatwa mapema, matunda yaliyomenywa na kupangwa kwenye sahani, juisi yenye barafu usiyojua maji yake, na maji ya kunywa ya jagi la mezani. Nunua maji ya chupa iliyofungwa, au yachemshe mwenyewe pale ulipofikia. Ndizi mbivu na chungwa unalomenya mwenyewe kwa mikono safi havina shida.

Kila mgonjwa na sahani yake

Kama una kisukari, omba wali nusu na maharage na mboga viongezwe. Hiyo ni raha ya mama lishe: anakupimia unavyotaka. Usiruke mlo kwa sababu foleni ni ndefu, hasa kama unachoma insulini. Weka mfukoni kitu cha sukari kwa dharura ya sukari kushuka.

Kama una presha au ugonjwa wa moyo, sema mapema usiongezewe chumvi, na mchuzi uwe kidogo. Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kisichofika kijiko kimoja cha chai, na bakuli la supu linaweza kukimaliza kwa kiasi kikubwa. Wanaotumia dawa ya warfarin wasibadili ghafla kiasi cha mboga za majani walichozoea bila kumweleza daktari, kwa kuwa huathiri nguvu ya dawa hiyo.

Kama figo zina shida, kuwa makini na madafu. Utaambiwa pwani yote kwamba dafu ni dawa. Kwa mtu mzima wa afya ni kinywaji safi, lakini lina potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa.

Wagonjwa wa saratani walio kwenye dawa, watoto kwa watu wazima, wana kinga ya chini. Kwao usilegeze hata kidogo: kila kitu kiive, kiwe cha moto, kachumbari na pilipili mbichi ya kusaga visiwepo. Muulize muuguzi kama mgonjwa wako aruhusiwe kula nje kabisa katika siku hizo. Na homa kwa mgonjwa huyu si ya kusubiri asubuhi. Mrudishe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa wazazi: mtoto akianza kuharisha, anza kumpa maji ya ORS, mchanganye kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, aendelee kunyonya na kula, na mtafutie vidonge vya zinki. Mpeleke hospitali haraka akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, macho yakididimia au choo kikiwa na damu.

Jambo la mwisho kwa wanaopeleka chakula wodini. Ukinunua saa sita ukasubiri muda wa kuona wagonjwa saa kumi, umebeba matatizo. Nunua karibu na muda wa kuingia, tia kwenye hotipoti safi, mgonjwa ale papo hapo, na kinachobaki kisiwekwe kwa ajili ya usiku.

Tusiishie kwa mgonjwa

Najua kuna vibanda vichafu. Ukiona inzi wametanda na mfereji wa maji machafu unapita chini ya benchi, inuka uondoke, hata kama umeshaagiza. Sisemi kila kibanda ni salama, kama ambavyo sisemi kila hoteli yenye vigae ni salama.

Lakini kila mlipuko wa kipindupindu ukija, amri ya haraka huwa ni kufunga vibanda. Mara nyingi mpishi hana maji ya bomba, hana choo cha karibu, hana mahali pa kumwaga maji machafu, na bado anatozwa ushuru. Tukimfukuza, anahamia uchochoroni ambako hakuna bwana afya atakayemwona. Bomba moja la maji, kivuli na jalala linalozolewa kila siku karibu na hospitali zetu kubwa vingelinda matumbo mengi kuliko mgambo.

Na hospitali nazo zina sehemu yao. Tunampa mgonjwa wa mkoani karatasi ya tarehe ya kurudi na karatasi ya dawa. Hatumwambii atakula nini na wapi katika wiki tatu atakazokaa jijini. Dakika mbili za muuguzi zingetosha.

Yule mama wa Tabora nilikwenda naye hadi kwenye zile sufuria. Mtoto alikula wali na maharage nusu sahani, akapumzika, akamalizia. Mama alilipa Sh4,000 kwa wote wawili, akazihesabu zilizobaki, akaniambia zinamfikisha hadi tarehe ya kliniki.

Nawe ukija, uliza saa ya kuipua, tazama ndoo ya kunawia, kisha ukae ule.