Karama za Jumatatu

Leipzig, Ujerumani

Wapendwa wa usharika wetu, Machame,

Ujumbe wa harambee ya paa la kanisa nimeupata, na mchango wangu mweka hazina ataupokea. Leo lakini nina neno lisiloingia kwenye bahasha.

Mkitutaja sisi wa ughaibuni, mnatuita waliobarikiwa, mkimaanisha wenye fedha. Na huko nyumbani, mwenye karama ni mhubiri, mwimbaji, au mama anayeombea wagonjwa. Wengine wote wanabaki kuwa watu wa kutoa sadaka. Hapo tunapunjana.

Fungueni Kutoka 31. Bezaleli, ambaye Mungu anasema amemjaza Roho wake, hakuwa kuhani wala nabii. Alikuwa fundi wa dhahabu, shaba, vito na mbao. Kisha someni Matendo 9. Dorkasi alipofariki kule Yafa, wajane hawakumsimulia Petro mahubiri yake. Walimwonyesha nguo alizowashonea.

Mji huu ninaoishi ndio uliotuma wamisionari waliofika Machame mwaka 1893. Miaka 170 kabla yao, mwaka 1723, Johann Sebastian Bach alianza kazi hapa ya kuongoza muziki wa kanisa na kufundisha vijana. Alikuwa mwajiriwa kama sisi: alilalamikia kipato na kuzozana na wakubwa wa mji. Hata hivyo Jumapili haikumsubiri, na mwisho wa kazi zake nyingi aliandika herufi tatu, SDG, kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake.

Mimi situngi muziki. Natunza wazee: nawaogesha, nawalisha, usiku nawageuza kitandani wasipate vidonda. Saa nane usiku hakuna msimamizi wala mchungaji anayeniona. Bibi akigeuzwa kwa pupa, anajua yeye na Mungu tu. Hapo ndipo uaminifu unapopimwa. Vivyo hivyo fundi anayepunja saruji Jumanne hawezi kuifidia Jumapili kwa sauti nzuri ya besi.

Tunaposoma talanta za Mathayo 25, tunamkazia macho yule aliyefukia. Kumbukeni kwamba hakuiba, aliogopa tu. Na aliyepewa mbili alisifiwa kwa maneno yale yale aliyosifiwa aliyepewa tano. Bwana wao hakuwashindanisha. Sisi ndio tunaoshindanisha, na mwenye moja akisikia majina ya watoaji wakubwa tu yakitangazwa, anachukua jembe akafukie.

Kwa hiyo nawaomba, wazee wa kanisa: kwenye Sikukuu ya Mavuno, baada ya kunadi ndizi, mayai na kuku, pitisheni daftari la ujuzi. Mhasibu aandike kwamba atakagua vitabu vya VICOBA ya wajane. Fundi cherehani achukue binti mmoja wa kumfundisha. Muuguzi mstaafu awapime watu presha baada ya ibada. Vijana wa kipaimara nao waulizwe wanaweza nini kwa mikono yao, si kukariri tu. Na kabla hamjatafuta mkandarasi wa paa kutoka mjini, angalieni mafundi mnaokaa nao benchi moja.

Ila msigeuze karama kuwa kisingizio cha kumtumikisha mtu bure. Fundi ana watoto na ada. Mlipeni haki yake. Akitaka kutoa siku moja kama sadaka, iwe kwa hiari yake.

Nami niandikeni katika daftari hilo. Nikija likizo nitafundisha familia zenye wagonjwa wa kitandani namna ya kuwageuza na kuwaogesha bila kuwaumiza. Nitafutieni nyumba ya kuanzia.

Wenu katika Kristo,
Mwana wa usharika, Leipzig