Ukihamia Kisaju, usiikabidhi keja yako kwa namba ya simu

Simama steji ya Kisaju siku mbili za mwisho wa mwezi uangalie barabara ya Namanga. Canter moja baada ya nyingine zinatoka upande wa Kitengela: godoro limefungwa kamba juu ya kabati, ndoo zimepachikwa kila nafasi, na mwenye mali amebanwa kule mbele kati ya dereva na utingo, televisheni ameipakata kama mtoto mchanga. Watu wanahamia huku na siwalaumu. Kodi ya Nairobi inakaba koo, EPZ ya Athi River haiko mbali, na kama kazi zako ni za mtandaoni, mradi stima ipo na bando ipo, nani anakudai uishi Umoja?

Anayetoka Umoja simhofii sana. Akisahau pasi ya nguo, kesho anapanda matatu anairudia. Nakuhofia wewe unayetoka Mombasa, Kisumu au Eldoret. Mombasa hadi hapa ni zaidi ya kilomita 450. Lori likishapita Mariakani, maisha yako yote yako mikononi mwa mtu ambaye pengine unamjua kwa picha ya WhatsApp tu.

Na hapo ndipo tunapochezewa. Unaona tangazo, picha ya lori jipya linalong'aa, vijana wamevaa fulana zinazofanana. Unapiga simu, unatajiwa bei tamu, unatuma nusu kwa M-Pesa. Mara nyingi uliyeongea naye hana hata toroli. Ni broka. Anampigia mwenye lori, mwenye lori anampigia dereva, dereva anaokota wapakiaji steji asubuhi ileile. Kufikia wakati friji yako inainuliwa, pesa zako zimeshagawanywa mara tatu, na kijana anayeinama chini ya friji ndiye aliyepata kidogo kuliko wote. Kisha unashangaa mbona ameiangusha! Mimi simlaumu yule kijana. Namlaumu aliyeuza bei ambayo haiwezi kumlipa.

Bei ya chini kupita kiasi ina njia yake ya kurudi juu. Tuseme umeambiwa elfu 30. Siku yenyewe, kumbe kuna ya ngazi kwa sababu unaishi ghorofa ya tatu. Kumbe kuna ya mafuta. Kumbe "Kisaju tulidhani ni Kitengela." Jamaa mmoja ninayemjua alitoka Kisumu, lori likasimama kando ya lami huku kumeshaanza kuingia giza, dereva akazima injini na kumwambia hashushi kijiko kabla ya kuongezewa elfu 12. Vitu vyake vyote viko ndani, dada yake mdogo yuko naye, hajui mtu hata mmoja huku. Angefanya nini? Alikopa kwa simu akalipa.

Wengi watakwambia dawa ni kutafuta kampuni kubwa. Sawa, kama uko na doo. Lakini hata kampuni ndogo au Canter ya mtu binafsi inaweza kukuhamisha vizuri, mradi mambo manne yako kwenye maandishi kabla ya kutuma senti: bei na inachojumuisha, tarehe, mahali hasa pa kushusha, na orodha ya vitu. Tuma pini ya mahali, usiandike "Kisaju" tu. Piga picha kila kitu kabla hakijafungwa, hasa kioo cha televisheni na miguu ya meza. Piga picha namba ya gari na kitambulisho cha dereva. Akikasirika kwa kuombwa kitambulisho, mwache aende na lori lake. Na usimalize kulipa kabla kitu cha mwisho hakijashuka. Wenye malori nao wana kilio chao, wateja huwakimbia na salio, kwa hivyo kubalianeni kiasi cha kulipwa mwanzo kinachotosha mafuta. Hiyo ni haki.

Kuna uongo mwingine mtamu: "Usijali, gari liko na bima." Bima gani? Ile inayolazimishwa na sheria, Sura ya 405, ni ya watu wengine wanaoumia au kufa katika ajali. Kochi lako si mtu. Mzigo unaosafirishwa una bima yake tofauti, na ni wachache wanaoilipia. Kwa hivyo uliza hivi: "Friji ikivunjika njiani, nani analipa na kiasi gani?" Kisha nyamaza usikilize kigugumizi.

Sasa tuje kwa stoo, maana hapa ndipo wengi hukwama bila kutarajia. Nyumba ya Mombasa unaitoka tarehe 31. Ile ya Kisaju, landilodi anasema fundi anamalizia rangi, "wiki moja tu." Unajua wiki ya fundi. Kampuni za kuhifadhi vyombo zipo Nairobi, lakini kwa mtu mwenye kitanda, meko na maboksi sita hesabu haikubali, kwa sababu utalipa stoo halafu ulipe lori la pili. Kwa hivyo tunaweka kwa shangazi, au kwa beshte aliye na sebule kubwa. Sina neno, ila muulize beshte kama kodi yake imelipwa. Sheria ya kukamata mali kwa sababu ya kodi, Sura ya 293, ingali inafanya kazi, na madalali wa mnada wakiingia hawaanzi kwa kuuliza kochi ni la nani. Ni wewe utakayekimbizana na karatasi kuthibitisha kwamba ni lako.

Maoni yangu, na najua mama yako hatakubali: vitu vingi havistahili safari hiyo. Uza kitanda, uza kochi, uza kabati. Kitengela kuna maseremala kando ya barabara watakaokutengenezea kingine. Mtungi wa gesi uliojaa usiutie ndani ya lori lililofungwa, mpe jirani akulipe. Nguo na vyombo vinaweza kuja kama mzigo wa basi. Vilivyobaki vikiwa vichache, huenda hata lori usilihitaji. Wamaasai wa Kaputiei wamehama nyanda hizi vizazi na vizazi, na kilichokwenda ni kile punda alichoweza kubeba. Hata nyumbu wa mbuga ya Nairobi walikuwa wakishuka huku msimu wa mvua bila mizigo, kabla ya ua za ploti zetu kuwazibia njia. (Hiyo ni makala nyingine, na itatuuma.)

Ukiibiwa au ukavunjiwa, usiishie kulia mtandaoni. Kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Zile picha na zile jumbe za WhatsApp ndizo utakazobeba kwenda nazo. Bila hizo ni neno lako dhidi ya la dereva.

La mwisho ni mvua. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, ukitoka kwenye lami hapa unakutana na ule udongo mweusi unaonata. Canter iliyojaa inazama mpaka ekseli, na dereva hatakusubiri. Kabla ya kupanga tarehe, mpigie landilodi umuulize lori linafika mlangoni au linaishia wapi, na geti hufungwa saa ngapi. Kama linaishia barabarani, elewana mapema na mwenye lori nani atalipa mkokoteni. Na uje na maji yako ya kunywa ya siku mbili tatu. Ya visima vingi huku yana chumvi, chai ya kwanza itakushangaza.