Kabla ya kumwita mtoto mulozi, tusome paketi

Wengi wakisema desturi wanafikiri ngoma, mahari na majina. Chakula cha mtoto nacho ni desturi, na hiyo tunaizika bila hata kilio.

Hapa Kalemie mtoto aliyeachishwa ziwa alikula uji, halafu bukari na ndakala, sombe yenye mawese, siku ya bahati kipande cha mukebuka. Leo asubuhi anapewa franga kidogo: « Utajinunulia kitu ku njia. » Anunue nini? Bomboni nyekundu, ao kile kipaketi cha unga wa machungwa ambao haujawahi kuona chungwa. Saa nne mwalimu analalamika: mtoto hatulii, anapiga wenzake, haandiki. Jioni shangazi anatoa hukumu: « Huyu mutoto iko na kitu. » Toka hapo njia ni fupi mpaka chumba cha maombi, ambako mtoto ananyimwa chakula ili « atapike ulozi ».

Hapo ndipo nagomba. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamtisha mwenye kufanya hivyo na gereza. Tunaijua, tunaipita. Tena tunapita bila kuuliza mtoto amekula nini.

Wengine waliuliza. Mwaka 2007 jarida la waganga The Lancet lilitoa uchunguzi wa chuo kikuu cha Southampton, Uingereza. Watoto wa miaka 3 na wa miaka 8 ao 9 walikunywa juisi nyumbani. Siku zingine ilitiwa rangi za kiwandani pamoja na dawa ya kuhifadhi iitwayo benzoate, siku zingine hapana, na wazazi hawakujua ipi ni ipi. Kwa wastani, rangi ziliongeza kurukaruka na kukosa utulivu. Tusidanganyane: tofauti ilikuwa ndogo, si kila mtoto aliguswa, na wataalamu wa Ulaya mwaka 2008 waliona ushahidi ni mdogo. Hata hivyo, tangu tarehe 20 Julai 2010, chakula chenye moja ya rangi sita (E102, E104, E110, E122, E124, E129) kikiuzwa Ulaya lazima kiandikwe kwamba kinaweza kuharibu utulivu na usikivu wa watoto. Mama wa kule anaonywa. Mama wa Kataki anapata paketi iliyovuka ziwa, maandishi kama mayai ya chawa, ndani ya lugha asiyoisoma.

Mtaniambia: shida yetu ni njaa, wewe unahesabu rangi! Ndiyo, njaa. Mtoto aliyepewa sukari ya rangi peke yake naye ana njaa, na franga ileile ingenunua karanga ao ndizi. Na sisi wazee tunafundisha nini, tukiweka sukre mbele ya wageni na kuficha karanga jikoni kama kitu cha haya?

Basi mtoto wenu asiyetulia, mumwondolee hizo rangi wiki mbili, ashibe asubuhi, mwalimu aangalie. Asipobadilika, tutafute tena: malaria, masikio, usingizi, kipigo cha nyumbani. Orodha ni ndefu, na ulozi haumo. Pasita angoje.