Binti anayejitapisha: je, hipnosisi ni tiba?

Mama mmoja wa Mahurunga ametuletea barua kuhusu binti yake wa miaka 17 anayesoma Mtwara mjini. Alipokuwa likizoni, mama alimkuta usiku wa manane akila wali uliobaki wa nyumba nzima, sufuria ikawa tupu, kisha akaenda nyuma ya nyumba kujitapisha. Ramadhani iliyopita hali ilizidi: daku hali, na baada ya futari hatoonekana. Jirani anasema ni jini. Shangazi yake aliyeko Muscat ameahidi kumlipia mtaalamu wa hipnosisi atakayemtibu kwa simu, na baba yu tayari kuongeza fedha za korosho. Mama anauliza kama hiyo ni tiba, na kama si uchawi.

Tuanze na hilo la uchawi. Jina hipnosisi limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya usingizi. Aliyelieneza ni James Braid, tabibu mpasuaji wa Kiskoti aliyefanya kazi Manchester katika miaka ya 1840, naye baadaye alitaka kulibadili, kwani aliona kuwa anayefanyiwa hajalala usingizi. Husikia, na aweza kukataa. Mtaalamu humtuliza kwa maneno hadi fikra zake zikusanyike juu ya jambo moja, ndipo humpa maelekezo yanayolingana na shida yake. Hamna hirizi wala kuita majini. Hukumu ya sharia tunawaachia masheikh, lakini sisi hatuoni uchawi hapo. Akitokea mwenye kuichanganya na ramli, inukeni mwondoke.

Je, inaponya? Kwa kupunguza maumivu na hofu, hipnosisi imesaidia watu. Kwa maradhi ya ulaji, majaribio yaliyofanywa ni machache na madogo, na yale yaliyoleta matumaini yaliiambatanisha na tiba nyingine. Aidha, watafiti wamewahi kuona kwamba wenye kula kupita kiasi na kujitapisha huathirika kwa hipnosisi upesi kuliko wale wanaojinyima chakula tu. Wengine wataliona hilo kuwa heri. Sisi linatutia wasiwasi, kwa kuwa mtu anayeathirika upesi hivyo aweza kupandikizwa hata kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea, na huyu ni mtoto, tena kwa simu, kwa mtu ambaye wazazi hawajamwona.

Maradhi yenyewe yana jina. Daktari Gerald Russell wa London aliyaeleza mwaka 1979 kwa jina la bulimia nervosa. Wala tusiseme ni ya Wazungu: mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi wa wasichana na wanawake zaidi ya 200 wa Dar es Salaam, na dalili za maradhi ya ulaji zilionekana kwa baadhi yao. (Nasi tujiulize tunavyowapokea mabinti harusini: kabla ya salamu kuisha, huyu ameambiwa amenenepa, yule amekonda kama ufito.)

Mama yetu, jambo la kwanza ni mwili wa binti. Kujitapisha mara kwa mara hupunguza potasiamu katika damu, na potasiamu ikipungua sana mapigo ya moyo huvurugika, hata mtu aweza kufa ghafla akiwa na umbo la kawaida kabisa. Meno huliwa na asidi, mashavu huvimba kwa tezi za mate. Akizimia au moyo ukimwenda mbio, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asipokuwa hivyo, wiki hii mpelekeni Ligula, aambiwe daktari waziwazi kwamba anajitapisha, apimwe damu na moyo, kisha muombe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili, Muhimbili wapo.

Tiba iliyothibitika zaidi ni ya mazungumzo, ile aliyoiendeleza Christopher Fairburn wa Oxford. Mgonjwa huandika anachokula na saa, hurejeshwa kwenye milo ya kawaida isiyoachana kwa muda mrefu, kwa kuwa njaa ya mchana ndiyo inayoleta ule ulafi wa usiku, kisha hufundishwa kupambana na fikra za aibu kuhusu umbo lake. Kwa umri wake, wazazi huketi naye mezani. Huyo mtaalamu akipenda kuongeza hipnosisi baadaye, na binti akaridhia, mama awepo chumbani. Fedha za shangazi zitumike kwanza kwa nauli na vipimo.

Asipigwe, wala asichunguliwe chooni. Na kuhusu saumu, Qur'ani katika sura ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Daktari akisema asifunge, mama ahesabu siku hizo mwenyewe, na nyumbani asiwepo wa kumuuliza binti mbele za watu kwa nini anakula.